Kamba ya Makumbi na Mashimo ya Pwani

Mazungumzo kwa wakaazi wa wadi za mwambao wa Unguja



Maji yanapotoka siku za bamvua, katika pwani nyingi za mashariki na kusini mwa Unguja huonekana vichuguu vya mawe juu ya mchanga uliolowa. Mgeni apitaye hudhani ni mawe yaliyosukumwa na wimbi. Mwenyeji anajua kuwa chini yake mmefukiwa makumbi ya nazi, na kwamba kila kichuguu kina mwenyewe, ijapokuwa hakuna jina lililoandikwa juu yake. Mazungumzo haya yanahusu kamba itokayo humo, na zaidi ya kamba, yanahusu shimo lenyewe. Kwani kamba hununuliwa dukani, lakini shimo la makumbi likishapotea haliuzwi popote.

Kumbi ni kitu kinachodharauliwa. Mtu akishaifua nazi juu ya kifuo, macho yake yamo katika nazi. Kumbi hurushwa pembeni, na mwisho wake huwa ni jikoni au kwenye moto wa kukaushia mbata. Lakini ndani ya kumbi mna nyuzi zilizoshikwa na unga mwepesi wa hudhurungi, na nyuzi hizo zikisha kusafishwa ndizo ziitwazo usumba. Urefu wake kwa kawaida ni baina ya sentimita 10 na 30. Kwa hiyo kamba ya pima ishirini, inayoweza kulizuia dau lisichukuliwe na mkondo, imetengenezwa kwa nyuzi ambazo hata iliyo ndefu kupita zote haifiki mbali na shubiri moja.

Kazi huanza kwa kuchagua mahali, na hapo ndipo ujuzi wa bibi mzoefu unapotambulikana. Shimo likichimbwa juu mno ya pwani, maji hayalifikii kila siku na makumbi hukauka. Likichimbwa chini mno, mwenyewe hana siku ya kulifikia isipokuwa bamvua kubwa, na bamvua hufuata mwezi: huja unapoandama na unapokuwa mpevu, halafu hufuata siku za maji mafu ambazo pwani haiondoki sana. Katika kisiwa ambacho tofauti baina ya maji kujaa na maji kutoka wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4, hatua chache juu au chini ni jambo kubwa. Makumbi hupangwa ndani ya shimo, hufunikwa kwa mchanga na tope, kisha hupakiwa mawe. Mawe hayo si pambo. Kumbi huelea, na bila ya uzito juu yake bahari ingelirudisha kwa mwenyewe, au kwa mwengine, wiki hiyo hiyo.

Humo makumbi hukaa miezi kadhaa, kwa kawaida baina ya mitatu na sita, na wapo wanaoyaacha zaidi. Yanayotendeka chini ya mchanga ni kazi ya bakteria. Nyuzi za kumbi zimegandamana kwa gundi ya asili iitwayo pektini. Bakteria huila gundi hiyo polepole, ama nyuzi zenyewe hawaziwezi kwa urahisi, kwa kuwa zina lignini nyingi, dutu ile ile iupayo mti ugumu wake. Maji ya bahari yanayoingia na kutoka mara mbili kwa siku huosha kilichooza na kuacha kilicho kigumu. Harufu ya yai viza inayotoka shimo linapofukuliwa ni dalili kuwa kazi imekwenda sawa. Wageni wa mahoteli huilalamikia harufu hiyo, na malalamiko yao hayakosi sababu. Lakini harufu hiyo ni ya siku ya kufukua, na pwani ilikuwa ikitumika hivyo kabla ya hoteli ya mwanzo kujengwa.

Baada ya kufukuliwa, makumbi hupigwa kwa rungu juu ya jiwe au gogo mpaka unga wote utoke, kisha huoshwa na kuanikwa. Ni kazi nzito ya mabega na mgongo, na katika vijiji vingi vya Unguja ni kazi ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hufanywa kwa pamoja, mkeka mmoja, kivuli kimoja, na habari za kijiji nzima hupita hapo. Ni chuo ambacho hakina mlango, na wasichana waliokitoka hawakupewa cheti.

Kusokota ndiko kunakomstaajabisha asiyewahi kutazama kwa makini. Msokotaji huchukua mafungu mawili madogo ya usumba, akayaviringisha kwa viganja vyake, kila fungu likajipinda upande mmoja. Kisha huyaachia mafungu hayo yapindane lenyewe kwa lenyewe kwa upande wa kinyume. Siri yote ya kamba imo hapo. Kila fungu hutaka kujifungua kwa kuzungukia upande wake, na kwa kufanya hivyo hulikaza fungu la pili. Kamba basi hujishika yenyewe, bila ya fundo wala gundi, na kadiri inavyovutwa ndivyo nyuzi zinavyobanana. Fungu linapokaribia kwisha, msokotaji huchomeka usumba mpya kabla halijawa jembamba, na anayejua kazi huhakikisha kuwa mafungu mawili hayaungwi mahali pamoja, kwani hapo ndipo kamba itakapokatikia. Mnunuzi anayetaka kujua ubora wa kamba na aipitishe katika vidole: akikuta uvimbe mmoja mkubwa baada ya hatua chache, alama hiyo inamtosha. Na akiipiga kamba mpya kiganjani ikatoa vumbi jingi, makumbi yake yalitolewa mapema au hayakupigwa ipasavyo.

Usumba haukuwa peke yake katika visiwa hivi. Gome la mbuyu hutoa nyuzi ngumu, na mbuyu una sifa ya pekee ya kuotesha gome jipya pale lilipobanduliwa, mradi mbanduaji asiwe na pupa. Mtakawa uotao kando ya pwani una gome la ndani linalofaa kamba. Miyaa na ukindu husukwa ukambaa wa kufungia mizigo na mikoba. Lakini gome lina tabia ya kuoza likikaa majini, na majani ya mkindu hukatika yakikauka sana. Ilipohitajika kamba ya chumvi, mwambao wote ulirudi kwa mnazi.

Chombo kilichothibitisha hayo ni mtepe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za wafanyabiashara katika Bahari ya Hindi, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika kisiwa cha Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu wanakidhania kuwa ni Unguja au Pemba, na kinaeleza kuwa bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na vyombo hivyo vya kushonwa. Katika mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni mbao hazikupigiliwa misumari ya chuma: zilishonwa kwa kamba ya makumbi kupitia matundu, na matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ya 1930. Mwaka 2003 uliundwa mtepe mmoja wa mfano kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib hapa Mji Mkongwe, na wanafunzi wengi wa skuli za Unguja waliuona katika ua wa jengo lile. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Ukuta ukianguka, wapo wahandisi na zipo picha za kuujengea upya. Mikono inayojua kupima unyevu wa usumba kwa kuubonyeza haina picha ya namna hiyo.

Jahazi, ingawa lilikubali msumari, halikuiacha kamba. Amari ya kufungia nanga, henza ya kupandishia foromali, demani ya kulishikia tanga: kila moja ilikuwa na unene wake na jina lake, na baharia aliyechanganya majina hayo usiku wa upepo hakusamehewa. Kamba ya makumbi ilipendwa baharini kwa sababu mbili zinazoeleweka. Huelea, kwa hiyo haizami ikanasa mwambani. Na hunyumbuka sana kabla ya kukatika, kwa hiyo chombo kinaporushwa na wimbi kamba hulipokea pigo polepole badala ya kulipitisha lote kwa nanga. Mji nao ulijifunga kwa kamba hizo hizo. Majukwaa ya wajenzi waliotia chokaa kuta za Mji Mkongwe yalikuwa ya miti ya mikoko iliyofungwa kwa kamba. Vitanda viliwambwa kwayo, ndoo za visima zilishushwa kwayo, fito na makuti ya mapaa vilishikwa kwayo, na hadi leo mabawa ya ngalawa nyingi hayana chengine kinachoyashika.

Haifai hata hivyo kusema uongo juu ya nailoni. Mvuvi anayenunua kamba ya nailoni si mpumbavu wala si msaliti wa mila. Kwa unene ule ule nailoni ina nguvu zaidi, haiozi, ni nyepesi kuvuta, na inapatikana dukani asubuhi ile ile anayoihitaji. Kamba hizo za viwandani ndizo zilizouangusha hata mkonge wa Bara, zao lenye mashamba na mashine. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche 1,000 kutoka Florida, ambayo 62 tu ilifika hai, na kutoka kwa miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkuu wa dunia, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyuzi za plastiki zilipoenea, bei ilishuka na mashamba ya Tanga yakaota vichaka. Ikiwa zao hilo kubwa halikuhimili, ni kosa kumtaka bibi wa kijijini ashindane na kiwanda katika kila matumizi ya kamba.

Yapo lakini matumizi ambayo nailoni haiyawezi vyema, na hayo ndiyo soko lake. Paa la makuti ni mojawapo. Jua la Unguja huila kamba ya plastiki: huchakaa, hukakamaa, ikapasuka vipande vipande, na mwezekaji anayejua kazi yake anajua kuwa fundo la plastiki huteleza juu ya fito kavu. Kamba ya makumbi ina makwaruzo, hushika. Ikiloweshwa kabla ya kufungwa kisha ikakauka mahali pake, hukaza zaidi. Mahoteli ya mwambao wa mashariki yanaezeka makuti kila msimu, na kila paa lina mafundo yasiyohesabika. Vivyo hivyo viti na vitanda vya kuwamba, mikeka ya kufutia miguu, uzio wa bustani, na vitalu vya miche ambapo kamba ikishamaliza kazi huachwa ioze udongoni. Vipande vya nailoni vinavyokatwa na kutupwa havina mwisho kama huo. Huonekana baada ya kila kusi vikiwa vimejizungusha kwenye mizizi ya mikoko na katika matumbawe, na anayevitoa huvitoa kwa kisu.

Hapa panaingia mwani, na jambo hili halina budi kuelezwa kwa haki. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani za Paje na Jambiani, na katika muda mfupi wanawake wengi wakaiacha rungu ya makumbi wakaenda kupigilia mambo na kufunga taitai. Walikuwa na hoja. Mwani ulivunwa baada ya wiki chache, makumbi yalitaka miezi. Mwani ulikuwa na mnunuzi aliyekuja mwenyewe, kamba ilitakiwa kubebwa hadi Darajani. Baadaye bahari ikazidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi, na waliokuwa wameyaacha mashimo yao wakataka kuyarudia. Baadhi waliyakuta. Baadhi walikuta pamefanywa bwaga la mwani la jirani, au pamejengwa ukuta wa kuzuia wimbi, au pamesafishwa ili wageni waogelee, na mawe yao yametumiwa kujengea ngazi.

Hakuna aliyefanya uhalifu katika hayo, na hilo ndilo linalofanya suala kuwa zito. Pwani ni ya umma. Shimo la makumbi hurithiwa na binti kwa mama yake kwa desturi, majirani wote wanalijua na hakuna anayelifukua la mwenziwe; lakini desturi hiyo imo katika vichwa vya watu wa mtaa mmoja, na mwenye mashine ya kuchimba hakuzaliwa mtaa huo. Ramani aliyopewa inaonesha mchanga. Maombi yanapopelekwa ya kutumia sehemu ya ufukwe, huulizwa kama pana mikoko, kama pana njia ya wavuvi, kama pana makaburi. Mashimo hayaulizwi, kwa sababu wakati wa maji kujaa hayaonekani, na wakati wa maji kutoka yanaonekana kama mawe.

Hasara yake haionekani upesi pia. Mvuvi akiharibiwa dema lake analipeleka kwa sheha siku hiyo, limevunjika, linatazamwa. Mwanamke aliyefukia makumbi mwezi wa Rajabu akikusudia kuyafukua baada ya Idd kubwa hugundua baada ya miezi, na hapo hana cha kuonesha isipokuwa neno lake. Fedha za kamba hizo mara nyingi ndizo zilizokusudiwa sare za skuli au matengenezo ya paa, nazo hazimo katika hesabu ya mtu yeyote ila yeye. Katika nyumba ambazo mume huvua na mapato yake hufuata upepo, kamba iliyotundikwa ukutani ni akiba isiyotegemea kusi wala kaskazi: huuzwa siku inapohitajika, na hadi siku hiyo haiozi.

Wapo wanaosema kuwa kazi hii ni ya wazee na itakwisha nao, basi haina haja ya kuisumbukia. Huenda ni kweli kuwa vijana wachache wataichagua. Lakini kazi hii haina gharama ya kuanzia: haitaki mbegu, mbolea, mtaji wala umeme, na malighafi yake hutupwa kila siku nyuma ya kila nyumba na kila soko. Kwa mjane, au kwa mama ambaye mwani umemfia, ni vigumu kutaja kazi nyengine inayomngojea bila ya kumtaka kitu kwanza. Hoja ya kuyahifadhi mashimo imesimama juu ya jambo hilo. Makumbusho na watalii ni ziada.

Linalowezekana katika shehia ni dogo na halihitaji bajeti. Mwenye mashimo na amwone sheha wake akifuatana na jirani mmoja anayeyajua, mambo yafuatayo yaandikwe katika daftari la shehia: jina la mwenyewe, jina la pwani na alama ya karibu isiyohama, kama mwamba, mti mkubwa au mlango wa njia ya wavuvi; idadi ya mashimo; na mwezi yalipofukiwa. Mashimo yaliyo matupu kwa sasa nayo yaandikwe, kwa kuwa shimo lililopumzishwa si shimo lililoachwa. Kamati za wavuvi, ambazo tayari hukutana juu ya madago na njia za vyombo, zinaweza kuyapitia mashimo hayo bamvua moja tu na kujua yote yaliyomo. Mwombaji yeyote wa kutumia ufukwe akifika kwa sheha, daftari hilo lifunguliwe mbele yake kabla ya kutiwa saini, na wenye mashimo waitwe wasikilizwe. Pengine mashimo yatahamishwa kwa maafikiano, na kuhamisha shimo kunawezekana mradi makumbi yaliyomo yamalize muda wake kwanza.

Wakulima wa mwani nao wanaombwa wanapopigilia mambo mapya waache mapito ya hatua mbili kuzunguka kila kichuguu cha mawe, hata kama mwenyewe hajulikani. Wanaoezeka mapaa, na wenye mahoteli wanaowalipa, wanaombwa kuagiza kamba mapema, miezi sita kabla ya msimu wa kuezeka, kwa sababu kamba ya makumbi haitengenezwi kwa wiki moja na mwanamke asiyejua kama atapata mnunuzi hafukii makumbi mengi.

Wenye mashimo ambao pwani zao ziko mbali na afisi ya sheha, au ambao hawawezi kutembea, wanaweza kumtuma mtoto au mkwe na maelezo yao. Siku nzuri ya kwenda kuyahesabu ni siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, maji yanapotoka mbali kabisa, na ni vyema kufika mapema, kabla maji hayajaanza kurudi.